Barua kwa Mwanangu Anayejifunza Msamiati wa Kiingereza

Mwanangu mpendwa,

Nimelisoma daftari lako la msamiati, na bidii yako imenifurahisha mno. Kila neno la Kiingereza umeliandikia maana moja ya Kiswahili pembeni, kisha umehamia neno linalofuata. Ninakusihi uubadili mtindo huo, kwa kuwa neno hulijui kikamilifu mpaka uyajue maneno linaloandamana nayo. Liandike ndani ya sentensi nzima, na sentensi hiyo ndiyo uihifadhi kichwani.

Tazama visawe. Umeandika kwamba "ask", "question" na "interrogate" yote ni kuuliza, na hujakosea. Hata hivyo, maneno hayo yana asili tofauti: la kwanza ni la Kiingereza cha kale, la pili liliingia kupitia Kifaransa, ambacho kilikuwa lugha ya watawala baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na la tatu lilitoka katika Kilatini cha wasomi. Ndiyo maana hayalingani uzito. Mgeni huulizwa jina lake kwa "ask", ilhali "interrogate" ni kazi ya mpelelezi mbele ya mtuhumiwa. Daktari Peter Mark Roget alipochapisha kamusi yake ya visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kufuata mawazo bila kuyatolea fasili. Kitabu cha namna hiyo humkumbusha anayelijua neno tayari, wala si mahali pa kuokota neno usilolijua kwa sababu tu linavutia machoni.

Vinyume navyo hutegemea muktadha. Kinyume cha "old" ni "young" ukizungumzia mtu, na ni "new" ukizungumzia gari. Viambishi pia usiviamini upesi: "invaluable" si kitu kisicho na thamani, bali ni chenye thamani isiyokadirika.

Nitakaa zaidi kwenye vihusishi, yaani maneno madogo kama "on", "at" na "in" yanayoonyesha uhusiano kati ya maneno mengine, kwa maana hapo ndipo alama zako nyingi zinapopotelea. Sisi tumezoea kitenzi kibebe kazi hiyo, kama katika "nimekuandikia", au nomino ibebe "-ni" mwishoni. "Mezani" huweza kuwa juu ya meza au karibu nayo, na msikilizaji huelewa kutokana na mazungumzo. Kiingereza hukulazimisha kuchagua kati ya "on the table" na "at the table". Katika wakati, saa huchukua "at", siku huchukua "on", mwezi na mwaka huchukua "in". Kanuni hiyo itakufikisha mbali, ingawa utakuta "in the morning" na bado wakasema "at night". Kwa vitenzi na vivumishi sijui kanuni ya kutegemewa, kwa hiyo usiandike "depend" peke yake. Andika "depend on", "good at", "afraid of", "interested in", kana kwamba kila kifungu ni neno moja. Vilevile, yapo yasiyotaka kihusishi kabisa. Umeandika "We discussed about the exam". Ondoa "about", kwa sababu "discuss" hupokea yambwa yake, yaani kile kinachojadiliwa, moja kwa moja.

Kuhusu nahau, wewe mwenyewe unajua kwamba mtu mwenye mkono wa birika ni bahili, na kwamba hakuna birika lolote linalohusika. Basi usiifasiri nahau ya Kiingereza neno kwa neno, wala usiibadili umbo. "Kick the bucket" maana yake ni kufa, lakini ukisema "the bucket was kicked", maana hiyo hupotea na ndoo halisi ndiyo inayobaki. Isitoshe, ni msemo wa mzaha, usiofaa hata kidogo katika salamu za rambirambi. Kila nahau unayojifunza, andika pia ni nani humwambia nani, na wakati gani.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Kwa hiyo rudia sentensi zako kesho, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki kadhaa, badala ya kukesha nazo usiku mmoja.

Anza na ukurasa wa vihusishi. Chagua vitenzi kumi, utunge sentensi kwa kila kimoja, kisha uniletee nizisome kabla hujaendelea na ukurasa mwingine.

Mimi mama yako akupendaye.