Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Marehemu Fundi, Likoni

Assalaamu alaykum warahmatullah, na salamu kwa majirani zetu wa dini zote.

Mama yetu ametoka eda, ule muda wa mjane kukaa ndani baada ya kufiwa na mume, wiki hii. Miezi 4 na siku 10 zimetimia kwa salama, na sisi watoto tumeona ndio wakati wa kusema ahsante hadharani. Baba alitutoka katikati ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na sasa twaukaribia Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Kwa muda wote huo, na miezi ya ugonjwa iliyotangulia, tumebebwa na watu. Wengi wao hawakungoja kuombwa, na wengi hawakutajwa majina msikitini siku ya khitma, kisomo cha Qurani cha kumwombea marehemu. Kama mtoto mkubwa nimepewa kazi ya kuandika kwa niaba ya wenzangu, na nawaandikia hao kwanza.

Mwajua baba aliugua figo. Mara mbili kwa wiki alivuka kwa feri kwenda kisiwani Mombasa kusafishwa damu, muda wa saa nne kitandani, kisha arudi hana nguvu hata za kuvua viatu. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini mtu aliyetoka kwenye mashine hawezi ule mteremko wala kusimama juani akisukumana na umati. Kijana mmoja wa tuktuk wa hapa mtaani alilichukua jambo hili likawa lake. Nauli ya kwenda alipokea, ya kurudi akakataa katakata, na ada ya kivuko akawa anaitoa yeye. Foleni ikiwa imepanda hadi juu barabarani, alishuka akaenda mbele kwa miguu kuwaambia madereva, "Jamani, nina mgonjwa," nao wakampisha. Siku moja nilikuwa ndani ya tuktuk nikamwona dereva wa lori akizima injini, akashuka na kuja kumpa baba chupa ya maji baridi. Baba hakuruhusiwa maji mengi. Aliloanisha midomo tu, kisha akaishika ile chupa mapajani mpaka ng'ambo, kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kumrudishia mtu wema wake. Dereva yule hatumjui. Kama maneno haya yatakufikia, kaka yetu, jua kwamba uliombewa dua siku ile na mgonjwa.

Wauguzi waliomhudumia tunawashukuru sana, hasa yule dada ambaye siku mashine zilipoharibika alikaa na simu yake mwenyewe akatafuta mahali pengine mpaka akapata nafasi, ilhali zamu yake ilikuwa imekwisha. Na ninyi mliokwenda kutoa damu tulipotuma ombi kwenye makundi ya WhatsApp: wengine mlitoka bandarini moja kwa moja na nguo za kazi. Mliotuma chochote kwa M-Pesa, baba alitaka kila ujumbe asomewe, na kila jina aliliombea. Kuna aliyetuma shilingi 10,000, kuna aliyetuma 50 akaandika, "Nisamehe dada, ndicho nilicho nacho." Dua ya baba kwa yule wa 50 ilikuwa ndefu kuliko zote.

Ramadhani ndiyo iliyomuuma zaidi kuliko sindano. Mzee aliyefunga tangu utotoni, leo anaambiwa ale mchana. Alikuwa akigeuza uso ukutani tukimletea uji. Sheikh wetu alikuja mwenyewe, akaketi kwenye mkeka, akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona amepewa njia yake: kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyoiacha, na kwamba kuipokea ruhusa ya Mwenyezi Mungu nako ni ibada. Tukanunua mchele, na bibi mmoja jirani akajitwika kuupima kibaba kwa kibaba na kuupeleka kila alasiri kwa wazee wasiojiweza. Hakutuambia ni nyumba gani, akasema hiyo ni siri yake na Mola wake. Kisha vijana wa madrasa wakaanza kuja baada ya isha kuswali tarawehe uani kwetu, ili baba apate swala ya jamaa. Aliswali ameketi kwenye kiti, safu ya mwisho, karibu na birika. Watoto wangu, mliacha msikiti wenye feni mkaja kuswali kwetu penye joto na mbu. Baba alilala vizuri siku hizo kuliko wakati mwingine wowote wa ugonjwa wake.

Kuhusu kazi, hapa naomba niseme kwa kirefu, maana baba alikuwa fundi na fundi hupenda kazi yake isemwe.

Kila anayeshona kanzu Mombasa ajua kwamba Ramadhani ndiyo mavuno. Vitambaa vya Idi vilikuwa vimeshapokelewa tangu Rajabu, vimejaa rafuni, na malipo ya awali yameshaliwa na dawa. Mafundi wenzake wa karibu na Barabara ya Biashara hawakutuuliza kitu. Walikuja kibandani, wakagawana vitambaa, na yule kijana aliyekuwa akijifunza kwa baba akawasomea daftari la vipimo. Daftari lile lilihitaji mtu wa kulisoma. Baba hakuandika majina, aliandika watu: "mwalimu wa Mtongwe, bega la kulia limeshuka," "mjukuu wa muuza kahawa, ongeza inchi mbili, anarefuka." Walishona usiku, baada ya tarawehe hadi daku, juu ya kazi zao wenyewe zilizokuwa zimewalemea. Kanzu ya mwisho ilichukuliwa na mwenyewe mkesha wa Idi. Kesho yake walimletea baba bahasha yenye pesa zote pamoja na karatasi: nani amemaliza kulipa, nani bado. Hawakukata ujira, hawakukata hata pesa ya uzi. Waliacha kanzu moja makusudi aione. Baba aliupitisha mshono kwenye vidole, akaigeuza ndani nje, akaichunguza tarizi ya shingoni, kisha akasema, "Hii imeshonwa na watu." Kwetu sisi tuliokulia chini ya meza ya cherehani, hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote aliyokuwa akiitoa.

Mimi mwenyewe nafanya kazi katika kiwanda cha nguo, na wenzangu wa zamu walinibadilishia siku bila manung'uniko. Shukran zenu nitazilipa kwa zamu, mwajua.

Alipofariki, ilikuwa usiku, na kufikia adhuhuri alikuwa ameshazikwa. Haraka hiyo haiwezekani bila watu. Walioosha, waliokata sanda, waliochimba, waliobeba jeneza wakipokezana, Allah awape kivuli siku isiyo na kivuli ila chake. Majirani zetu Wakristo walileta viti vya kanisani kabla jua halijachomoza, akina mama wao wakachota maji, wakapika chai ya watu wote, na baba mmoja wa Kitaita aliyecheza bao na marehemu miaka mingi alitembea na jeneza mpaka makaburini, akamwaga udongo kwa mikono yake. Siku ya khitma juzuu 30 za Qurani ziligawanywa zikatosha na watu wakabaki, wengine wakawa wanasoma juzuu moja wawili wawili.

Kisha likaja lile la kimya, la mama kukaa eda. Watu wengi huja siku tatu za tanga, halafu mwenye msiba hubaki na kuta zake. Mama hakubaki hivyo. Wanawake wa mtaa huu waliwekeana zamu bila kutuambia, kila alasiri mmoja yuko naye, na kazi yake mkononi, ukili wa kusuka au mchele wa kuchagua. Hawakuja kumliza. Walizungumza habari za mtaa, nani kajifungua, samaki bei gani leo. Binti wa jirani akaendelea kuuza mahamri na mbaazi za mama kila asubuhi palepale barazani, akileta hesabu kamili jioni, ili wateja wasihame. Mama anarudi kwenye biashara yake na kuikuta hai. Mashangazi waliotoka Lamu na Malindi wakakaa nasi wiki kwa wiki, tunawabusu mikono.

Katika Mfunguo Pili ndugu yetu mdogo alioa, kama baba alivyousia tusiahirishe. Ilikuwa nikahi ya msikitini na kahawa chungu kwa halua, basi. Wakwe zetu walikubali udogo huo kwa moyo mkunjufu, na hilo hatutalisahau.

Tuna ombi moja tu. Deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi, na kwa Kadhi hatujaenda bado kwa sababu hiyo. Yeyote anayemdai baba, kidogo au kikubwa, aje amwone mama au sisi, asione haya. Aliyeweka kitambaa na hakukichukua, kijana yupo kibandani kila siku baada ya alasiri, na vitambaa vyote vimeandikwa. Ambaye baba alimkosea kwa neno au kwa mshono, twaomba amsamehe. Na ninyi mliokuja wiki hizi kulipa madeni aliyowadai baba, ambayo sisi hata hatukuyajua, ambayo baba hakuyaandika popote, pesa hizo zimekwenda kwenye madeni yake, na bado kidogo yaishe.

Mwenyezi Mungu awajaze kheri nyote, na amrehemu mzee wetu.

Ni sisi, mjane na watoto wa marehemu,
Likoni, Mombasa.