Homa baada ya dripu

Habari za jioni ndugu zangu. Mliojiunga wiki hii, ambao mke au mume ameanza dripu za kemo (dawa kali za kuua saratani) kwa ajili ya limfoma, saratani ya tezi: nunueni kipimajoto leo. Siku ya 7 hadi 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huwa chini kabisa. Kikisoma 38 au zaidi, msimpe panadol mkasubiri kukuche. Inashusha namba tu, maambukizi yanaendelea. Chukueni bajaji usiku huohuo hadi hospitali, na mlangoni semeni kwanza "yuko kwenye kemo", msije mkaishia foleni ya malaria.

Mkojo mwekundu siku ya dripu nyekundu (doksorubisini) ni rangi ya dawa. Vidonge vya prednisoloni, vile vinavyoenda pamoja na dripu, ni asubuhi, baada ya chai na chapati. Akimeza jioni hapati usingizi, nawe hulali.