Shoga, usimkate meneja wako masaa

Mwanaisha shoga yangu,

Salaam aleikum, watoto hawajambo? Sisi huku Minneapolis baridi ishaanza, natembea na soksi mbili mbili. Ile voisi noti yako niliisikiliza usiku nikiwa napika, na pale uliposema umemkata meneja wako wa hiyo kazi yako ya kutunza wazee mshahara wa masaa mawili kisa alimpeleka mtoto kwa daktari wa meno, wallahi nilizima jiko.

Usimkate. Najua unaona ni haki, hakuwepo kazini kwa nini alipwe, lakini si wewe mwenyewe ulomweka kwa mshahara wa kudumu ili usimlipe ovataimu, yale malipo ya masaa ya ziada? Basi hiyo raha ina bei yake, wiki akifanya kazi hata kidogo mshahara wa wiki anaupata mzima. Akikosa siku nzima kwa shughuli zake binafsi hapo sawa, kata hiyo siku, lakini siku nzima sio nusu. Yale masaa mawili ukitaka yatoe kwenye siku zake za likizo, pesa usiguse. Na ile siku ulomwambia abaki nyumbani kwa sababu mteja kalazwa hospitali na kazi hakuna, hiyo ni juu yako shoga, mlipe.

Mi nimeyaona haya. Pale nilipokuwa nafanya hesabu za mishahara zamani bosi alikuwa anakata nusu siku ukichelewa, na sio mara moja, ndo ulikuwa mtindo wake, mmoja akaenda kushtaki, kumbe haikuwa yake peke yake, mameneja wote wa cheo kile chini ya bosi yule wakahesabiwa kama watu wa kulipwa kwa saa kwa muda wote alokuwa anakata! Yaani kila saa iliyozidi 40 kwa wiki, mara moja na nusu, halafu juu yake fidia ya kiasi kile kile. Wanarudi nyuma miaka 2, wakiona ulikusudia 3. Nilikesha na makaratasi mpaka macho yakavimba.

We bado hujaharibikiwa. Mrudishie pesa zake Ijumaa hii na umwandikie kuwa ilikuwa makosa. Halafu kwenye kile kitabu unachowapa wafanyakazi andika wazi kwamba hamkati mshahara kinyume cha sheria, na mtu akikatwa amwone nani, na mtamrudishia. Sheria inamkinga mwajiri mwenye karatasi kama hiyo, ila sio ukilalamikiwa uendelee kukata.

Na lile la manesi ulouliza. RN, yule nesi aliyesajiliwa, anaweza kukaa nje ya ovataimu, LPN, nesi wa leseni ya ngazi ya chini, anayefanya unesi hapana, hata umpe cheo kirefu vipi, sheria inaangalia mtu anafanya nini. Hata huyo meneja, ili akae nje ya ovataimu, awe kweli anasimamia angalau watu wawili wa kazi ya siku nzima na neno lake lisikilizwe kwenye kuajiri na kufukuza, sio kutwa anaogesha wazee kwa sababu wengine hawajatokea. Mshahara usishuke chini ya dola 684 kwa wiki. Serikali iliipandisha 2024, mahakama ya huko huko kwenu Texas ikaifuta nyongeza hiyo Novemba, tukarudi pale pale.

Nipigie Jumapili baada ya adhuhuri, uwe na hati zake za malipo za mwaka huu mkononi tuzipitie moja moja. Kama kuna mkato mwingine nataka niujue mimi kwanza.

Wako,
Fatma