Karatasi ya damu ya mjomba ilikuwa na habari

Mhariri,

Sisi huku Kisauni tulimchangia mjomba wangu aliyekuwa na kansa ya mapafu mpaka kiwanja cha Mtwapa kikauzwa, na si kwa kemo, ni kwa ile dripu ya kinga inayotiwa kila wiki tatu, pembrolizumab, jina lenyewe tulilijulia kwenye risiti. Moja ni laki kadhaa. Alitiwa nne akafariki. Kufa ni kazi ya Mungu, hilo silalamikii, ninalolalamikia ni kuwa hakuna alotukalisha chini akatwambia dawa hii wengi haiwashiki, na kwamba vipimo vya kukisia itamfaa nani vipo.

Nshasoma kidogo tangu hapo. Hii dawa haiipigi kansa yenyewe, kansa huwa imezitia breki seli zetu za kinga na dawa inatoa ile breki (James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobel 2018 kwa kugundua mambo ya hizo breki). Sasa kama gari halina mafuta, yaani hizo seli za kinga zenyewe ni chache au zimechoka, ukilitoa breki litakwenda wapi?

Kipimo cha kawaida ni kukata kinyama cha uvimbe watafute PD-L1, protini ambayo kansa huitumia kuzitia breki hizo seli za kinga. Cha mjomba kilipelekwa Nairobi, majibu yakaja kuwa nyama haikutosha, basi, dripu ikaanza hivohivo. Lakini damu je? Kila kabla ya dripu alitolewa damu ya hemogramu, kipimo cha kuhesabu seli za damu, cha bei ndogo, na pale pale mna nyutrofili na limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe za kinga, ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata namba, na utafiti mwingi umeonyesha namba ikiwa juu wagonjwa wa dripu hizi kwa kawaida hawaendi vizuri. Januari 2025 watafiti wa New York, Memorial Sloan Kettering na Mount Sinai, walitoa programu ya kompyuta iitwayo SCORPIO, inachukua hivi vipimo vya damu vya kawaida na habari za mgonjwa kama umri, wakaijaribu kwa maelfu ya wagonjwa na ikabashiri vizuri kuliko hiyo PD-L1.

Nikalitoa faili la mjomba, nikagawa kwa simu. Nyutrofili 9.1 kwa limfosaiti 0.9. Kumi na kitu, iko juu! Ilikuwa iko pale tangu siku ya kwanza.

Ila nisiwatie watu ujinga, maana kesho mtu atamnyima babake dawa kwa sababu ya barua yangu. Mjomba alikuwa anameza predinisoloni ya kifua, na dawa hizo zinapandisha nyutrofili, homa ya maambukizi pia inapandisha. Halafu namba mbaya yaweza kuwa inasema tu mgonjwa kazidiwa, angepewa dawa yoyote ingekuwa yaleyale, si kwamba dripu hii imemkataa. Na kuna jengine nadhani huko New York haliwasumbui sana: Waafrika wengi tuna nyutrofili chache kwa kuzaliwa tu, wala si ugonjwa, na malaria nayo inashusha limfosaiti. Kwa hivo kiwango cha namba kilichowekwa kwa damu ya Wamarekani huwezi kukichukua ukakibandika Mombasa ukasema huyu atapona huyu hatopona.

Sasa ninachouliza madaktari wetu wa kansa hapa Pwani, hizi hemogramu mnazotoa kila wiki tatu zinaenda wapi? Mgonjwa alianza na namba gani, alikuwa na malaria au hana, alikuwa anameza nini, akaishi miezi mingapi, hayo yote si mmeyaandika tayari? Mashine mpya haihitajiki, anahitajika mtu wa kukaa na mafaili. Na familia iambiwe kabla ya kiwanja kuuzwa, hata kama jibu ni "hatuna hakika", sisi tungeuza tu pengine lakini tungeuza tukijua.

Karatasi za mjomba zote ninazo, zimo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Daktari anayezitaka kwa kazi hiyo nitampa.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa