Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wetu wa kubadilishana mbegu, Bukavu

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba,

Mwaka huu mbegu hazikukosekana. Mezani tulikuwa na maharagwe yanayopanda kwenye miti, lengalenga, nyanya, bilinganya na maboga. Kilichotuumiza ni kuota. Mbegu zilivunwa vizuri, halafu zikafia kwenye bahasha kwa sababu ya unyevu. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye ukaushaji.

Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, kando ya ziwa, na mvua hutushika tangu Septemba hadi Mei. Maharagwe ya msimu A (yanayopandwa Septemba) hukomaa mvua ikiwa bado ipo: maganda yanalowa shambani na ukungu unafika hadi kwenye punje. Ya msimu B (yanayopandwa Februari) huvunwa Juni, kiangazi kikianza. Kamati imeamua kwamba maharagwe ya akiba yatoke msimu B. Mbegu ya msimu A ipandwe Februari hiyohiyo, isiwekwe.

Kausheni kivulini penye upepo, juu ya mkeka. Msianike juu ya bati saa sita mchana: joto likipita digrii 40 kiini huweza kufa huku ganda likibaki zuri machoni. Haragwe lililokauka ukiliuma halibonyei, na likigongwa kwa nyundo huvunjika vipande. Likibonyea, lirudi mkekani. Baada ya hapo, litiwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na mchele uliokaangwa bila mafuta hadi ukawa wa kahawia, ukapoa na kufungwa kwenye kitambaa. Mchele huo hufyonza unyevu uliosalia. Uzito wake usipungue ule wa mbegu; utoeni baada ya wiki mbili. Mbegu yenye unyevu ikifungwa kwenye sashe ya plastiki, inaoza.

Wengi mliuliza kwa nini maharagwe safi yalitoboka ndani ya wiki chache. Fukusi hutaga mayai tangu maganda yakiwa yanakauka shambani, basi msichelewe kuvuna. Yakishakauka, tieni kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula kwa kila kilo, mgeuze mpaka kila punje ing'ae.

Nyanya: kamueni mbegu na ute wake kwenye bakuli, muache siku mbili au tatu mkikoroga kila siku. Ute huo ndio unaozuia kuota. Mkipitiliza, mbegu huanza kuota humohumo. Osheni, chukueni zinazozama, anikeni kwenye sahani, kwa kuwa kwenye karatasi zinaganda. Nyanya za pakiti iliyoandikwa F1 (yaani chotara) msizilete: watoto hawafanani na mama yao.

Mlilalamika kwamba mbegu za maboga zinazaa maboga yasiyofanana na ya mwanzo; malalamiko hayo ni ya haki. Parseli (viwanja) zetu zimebanana, na nyuki wanabeba chavua kutoka kwa jirani. Jioni fungeni kwa uzi ua la kike (lile lenye kiboga kidogo nyuma yake) na maua mawili ya kiume ambayo yatafunguka kesho. Alfajiri fungueni, pakeni chavua ya kiume katikati ya ua la kike, kisha mlifunge tena na kuweka alama kwenye kikonyo. Boga likivunwa, lingoje wiki tatu kabla ya kupasuliwa, ili mbegu zijae.

Mbegu za karoti na shu (kabichi) tusizihangaikie. Mimea hiyo inataka baridi ndefu ndipo ichanue.

Kuanzia sasa kila bahasha iandikwe jina la mbegu, mtaa, msimu na mwaka wa kuvuna, na matokeo ya jaribio: punje 10 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota chini ya saba, zisifike mezani. Na aliyekopa kikombe kimoja cha maharagwe arudishe viwili. Wapo waliochukua misimu miwili mfululizo bila kurudisha; ninawaomba warudishe kabla ya mabadilishano ya mwisho wa Agosti, maana mbegu hizo ndizo tutakazowapa wanachama wapya.