Povu la Bia ya Uholanzi Si Wizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wako wa safu ya Jumapili, aliyetusimulia safari yake ya Amsterdam. Ameandika kwamba bia ya Waholanzi ni ile ya chupa ya kijani, Heineken, na basi. Kwamba baa walimletea kiglasi ambacho kwetu kingetosha kuonjea tu. Na kwamba mhudumu alikwangua povu kwa kisu, likamwagika pamoja na bia, huku yeye akiitazama pesa yake ikienda na maji. Akauita wizi. Nimeisoma safu ile mara mbili, na neno hilo limenikera, kwa sababu nimekaa na watu wale na ninaijua kazi iliyomo ndani ya lile povu.

Mimi ni mhandisi wa maji, sasa nimestaafu na nalima kahawa Marangu. Oktoba 1996 nilikwenda kusoma Delft, mji mdogo ulio kati ya The Hague na Rotterdam, kwenye chuo cha maji ambacho Watanzania wengi wa fani yangu wamepitia. Chumba changu kilikuwa juu ya duka la baiskeli, na mtaa wa pili kulikuwa na baa ya aina wanayoiita “baa ya kahawia”: mbao nyeusi, mwanga hafifu, kuta zilizogeuka rangi kwa moshi wa sigara wa miaka na miaka. Mimi ni Mlutheri na sikuwa mnywaji. Niliingia mle mara ya kwanza kutafuta joto. Mwenye baa alikuwa mzee wa miaka 60 na kitu, na kwa kuwa nilikuwa nakaa kaunta peke yangu, tukazoeana.

Nitaeleza alichokuwa akifanya, maana nilikitazama karibu kila Ijumaa. Anachukua glasi safi, anaizamisha kwenye sinki la maji baridi lenye brashi zilizosimama katikati, anaitoa ikiwa imelowa. Haikaushi. Anaiinamisha chini ya bomba, anafungua bomba lote kwa mara moja, na glasi inapokaribia kujaa anaisimamisha taratibu mpaka povu linapanda juu ya mdomo. Hapo ndipo anaposhika kile ambacho mwandishi wako amekiita kisu. Ni kibapa cha plastiki, kinakaa muda wote ndani ya glasi ya maji, na anakipitisha mara moja tu, kwa mshazari, juu ya mdomo wa glasi. Mapovu makubwa yanaondoka. Linabaki povu zito, jeupe, laini, kimo cha vidole viwili. Kisha anaichovya glasi tena kwa nje ili isinate mkononi, anaiweka juu ya kile kikadi kigumu cha kuwekea glasi, nembo ikimwelekea mteja.

Nilimuuliza kwa nini anamwaga. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba mapovu makubwa hupasuka haraka na kuliangusha povu lote. Yakiondolewa, yale madogo hukaa juu ya bia kama kifuniko, gesi isitoke upesi na hewa isiingie. Yale maji baridi huondoa mabaki ya sabuni na vumbi, tena huifanya bia iteleze ndani ya glasi badala ya kugonga kioo kikavu na kufoka. Adui mkubwa ni mafuta. Jioni moja nilikuwa nimekula bitterballen, zile kababu za mviringo zenye rojo ya nyama ndani, zinazoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa, halafu nikanywa bila kujifuta midomo. Povu likakatika pale pale nilipoweka mdomo, kama kitambaa kilichochanika. Mzee akanionyesha kwa kidole bila kusema neno, akanisogezea karatasi ya kujifutia.

Nilimkumbuka bibi yangu. Alipokuwa akipika mbege, pombe yetu Wachaga ya ndizi, hakuruhusu mkono uliotoka kwenye mafuta ukaribie pipa, na kata alizisuuza kwa maji ya mfereji mara tatu, tukiona anatuchelewesha. Hakuna aliyemwita mwizi.

Na glasi ile ndogo ina sababu yake. Iliyozoeleka wanaiita vaasje, inaingia sentilita 25, robo lita. Inakwisha kabla bia haijapata joto na kabla povu halijafa. Anayetaka zaidi anamiminiwa nyingine, yenye povu jipya. Bei imeandikwa kwa glasi ile ile na kila anayeingia anaijua. Aliyezoea chupa ya nusu lita ataona kiu yake haikutoshelezwa, hilo nakubali, lakini kupunjwa ni jambo lingine.

Sasa niseme la maji, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mji ule wa Delft ulikuwa mji wa bia kabla haujawa mji wa vyombo vya udongo vya rangi ya buluu vinavyouzwa kwa watalii. Mnamo mwaka 1500 kulikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 100, na matajiri waliokalia baraza la mji walikuwa wapika bia. Maji waliyapata kwenye mfereji uliopita mbele ya milango yao, kwa hiyo usafi wa mfereji ndio uliokuwa mtaji wao. Watu wa kawaida, hata watoto, walikunywa bia nyepesi mezani kila siku. Biashara hiyo ilipoporomoka katika karne ya 17, wafinyanzi walihamia katika majengo yale yale, na viwanda vingi vya vyombo vikarithi hata majina ya viwanda vya bia. Mimi niliyekwenda kujifunza namna ya kulinda vyanzo vya maji nilikuwa napita kila asubuhi mbele ya nyumba zilizojengwa kwa fedha ya watu walioelewa jambo hilo kwa mifuko yao.

Majira yale ya baridi mifereji iliganda. Januari 4, 1997 yalifanyika mashindano makubwa ya kuteleza kwenye barafu huko Friesland, Elfstedentocht, karibu kilomita 200 kupitia miji 11, na hayajafanyika tena hadi leo. Baa ilijaa tangu giza la alfajiri, wote wakikodolea televisheni. Siku hiyo ndipo mzee aliponiambia habari ya wapika bia wa Amsterdam. Maji ya mifereji ya mji wao yalikuwa machafu na yenye chumvi, kwa hiyo walikuwa wakiyachota mto Vecht na kuyaleta kwa mashua. Mto ukiganda, biashara inasimama. Basi katika karne ya 17 walikuwa na chombo cha kuvunjia barafu, kikivutwa na farasi waliokuwa wakitembea ukingoni, ili mashua za maji zipite. Haarlem nako kuna mfereji unaoitwa hadi leo Brouwersvaart, yaani mfereji wa wapika bia, uliokuwa ukipitisha maji safi kutoka kwenye vilima vya mchanga vya pwani. Maji ya bomba kutoka kwenye vilima hivyo yalifika Amsterdam mwaka 1853, yakauzwa senti moja kwa ndoo. Nimefanya kazi ya maji zaidi ya miaka 30, na sijui kundi jingine la wafanyabiashara lililohangaikia maji safi mapema namna ile.

Kuna jambo jingine litakalomgusa kila Mchaga anayeisoma barua hii. Kabla ya hopsi, yale maua yanayotia uchungu kwenye bia, Waholanzi walitumia gruit, mchanganyiko wa majani ya porini. Mpika bia alilazimika kuyanunua kwa mwenye haki ya kuyauza, na hiyo ndiyo iliyokuwa kodi yenyewe. Bia ya hopsi ilitoka Ujerumani, hasa Hamburg; mwaka 1323 Amsterdam ilipewa haki ya kutoza ushuru bia hiyo ikiingia bandarini. Hopsi huifanya bia isiharibike upesi, ndiyo maana iliweza kusafiri melini. Sisi tuna mti wa msesewa. Gome lake ndilo linalotia mbege uchungu, na bila hilo hakuna mzee wa Marangu atakayeiita mbege. Nilipomweleza mzee wa baa kwamba sisi tunatumia ndizi, kimea cha ulezi na gome la mti, alifuta mikono, akatoa daftari chini ya kaunta na kuandika neno “msesewa” kwa herufi kubwa. Akaniomba nimtamkie tena.

Kuhusu chupa ya kijani sitasema mengi, ina watangazaji wa kutosha. Gerard Adriaan Heineken alinunua kiwanda cha De Hooiberg cha Amsterdam mwaka 1864, kikiwa kimekuwapo tangu 1592. Mwaka 1886 mkemia Hartog Elion, mwanafunzi wa Louis Pasteur, akawatengenezea chachu wanayoiita A. Wasomaji wako wa Bukavu na Bujumbura wamekunywa kwa miaka mingi Primus iliyopikwa na kampuni zake tanzu. Lakini hiyo ni bia moja. Mwandishi wako alikuwa Amsterdam, na hapo hapo, chini ya kinu cha upepo cha De Gooyer, kuna kiwanda kidogo cha 't IJ kilichoanzishwa mwaka 1985 ndani ya bafu la umma la zamani. Haarlem wanapika Jopen ndani ya jengo lililokuwa kanisa, wakifuata mapishi ya mwaka 1407 na 1501 yaliyopatikana katika kumbukumbu za mji. Na kila vuli hutoka bokbier, nyeusi, yenye utamu, ambayo watu huingoja kama sisi tunavyongoja maembe.

Mwaka 2019 nilirudi kwa wiki mbili, na niliyesoma naye akanipeleka kwenye abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Koningshoeven, karibu na Tilburg. Watawa wa Trapisti wa pale wanapika bia tangu 1884, ile inayouzwa kwa jina la La Trappe. Wanaomba, wanapika, mapato yanaendesha abasia na misaada. Wageni walikuwa wakionja bia, mimi nikaomba kuonyeshwa maji taka. Wana nyumba ya kioo, imejaa mimea ya kijani, na mizizi yake inaning'inia ndani ya matangi. Vijidudu wanaoishi kwenye mizizi hiyo ndio wanaosafisha maji yanayotoka kiwandani. Nilisimama mle nusu saa. Hakukuwa na harufu yoyote ila ya majani mabichi.

Jambo la mwisho. Mwandishi wako amesema Waholanzi ni wabahili, kila mtu anajilipia chake. Mle baa nilikuta kitu kinaitwa rondje: mmoja anainua kidole, anaagizia meza nzima, wakimaliza anafuata mwingine. Mara yangu ya kwanza nilinunuliwa glasi na mafundi wanne wa paa ambao sikuwajua, na zamu yangu ilipofika nilikuwa na guldeni chache za wiki nzima. Mmoja wao aliona mkono wangu ukisita mfukoni. Akamwambia mzee kitu kwa Kiholanzi, zamu ikanipita, na mazungumzo yakaendelea bila mtu kunitazama.

Naomba basi, ndugu Mhariri, mwandishi wako aliondoe neno wizi. Na akienda tena, asikae mezani. Akae kaunta, upande wenye sinki.

Mhandisi wa maji mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro