Mizinga ya kale isiachiwe wanunuzi wa vyuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo hapa Tanga huzungumzwa zaidi barazani kuliko ofisini, nalo ni hatima ya mizinga ya vita ya zamani, ambayo inaendelea kuonekana mashambani na ufukweni, ikiuzwa kwa kilo na kuvunjwavunjwa, ilhali vijana wachache wanaojitolea kuiokoa wakitazamwa kama wezi au kama watu waliokosa kazi. Mimi si mwanahistoria. Nimefanya kazi ya kuinua na kusafirisha mizigo mizito kwa miaka 31, mwanzo kwa minyororo na magogo, baadaye kwa kreni, na nimewahi kushiriki kuupakia mzinga kwenye lori, nikaujua uzito wake na adha yake.

Kiswahili chetu kimeupa jina moja mzinga wa nyuki na mzinga wa vita, na sidhani kama upo mji mwingine wenye haki ya kucheka juu ya jina hilo kuliko Tanga. Mwezi Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi la watu wapatao 8,000 lilishuka Ras Kasone, rasi iliyo hapa Tanga, likapigana na askari wa Kijerumani wasiozidi elfu moja na ushei, wengi wao Waafrika walioletwa kwa treni kutoka Moshi, likashindwa na kurudi melini; na katika mapigano hayo nyuki waliotibuliwa waliwauma askari vibaya. Mzee mmoja wa Ngamiani alikuwa akitutania utotoni kwamba siku ile mizinga iliyopiga barabara ilikuwa ile ya juu ya miti.

Ile ya chuma ndiyo inayopotea. Nilipokuwa kijana, upande wa kusini mwa mji palikuwa na mzinga uliozikwa wima ufukweni, nusu yake ardhini, ukatumika kama nguzo ya kufungia kamba za majahazi. Kamba zilikuwa zimeuchonga shingoni hadi ukang'aa. Watoto tuliukalia tukisubiri samaki, na hapana aliyejua uliletwa na nani, ingawa kila mzee alikuwa na maelezo yake. Miaka michache iliyopita nilipita mahali hapo nikakuta shimo lililojaa maji ya bahari. Niliambiwa kwamba alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na vijana wake, wakajaribu kuukata kwa gesi, mwali ukashindwa. Hilo halikunishangaza, kwa maana chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, hakikatiki kwa gesi kama kinavyokatika chuma cha pua. Basi wakaugonga kwa nyundo kubwa kutwa nzima hadi ukapasuka, wakaondoka na vipande. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakina ustahimilivu wa kupigwa. Kinavunjika kama chungu.

Simlaumu sana mnunuzi yule. Yeye ana mizani, ana lori, na ana fedha taslimu siku hiyo hiyo. Mwananchi aliyekuta chuma kizito shambani mwake, akitaka kukipeleka kwa wanaohusika na mambo ya kale, anaanza safari ya barua isiyojulikana itaishia wapi. Kati ya watu hawa wawili, mwenye shida ya karo za watoto atamchagua nani?

Nieleze sasa yaliyotukuta sisi. Kiasi cha miaka miwili iliyopita vijana wanne, wawili wao mafundi gereji na mmoja mwalimu, walinijia nyumbani wakaniambia wameuona mzinga katika ua wa mtu anayenunua chakavu, na kwamba amekubali kuwauzia kwa bei ile ile ya kilo endapo watauondoa kabla ya Ijumaa. Walichanga. Walipoulizana uzito wake, mmoja alisema kilo mia tatu, mwingine akasema tani tatu, na kwa tofauti hiyo mtu anaweza kukodi gari dogo likavunjika springi au kukodi kreni asiyoihitaji na kumaliza fedha zote. Nilipofika niliomba maji na brashi ya katani, tukasugua mgongo wa mzinga taratibu, na chini ya kutu tukaona tarakimu tatu: 18, 2 na 10. Mizinga mingi ya Kiingereza ya enzi hizo ilipigwa chapa ya uzito wake namna hiyo. Tarakimu ya kwanza ni kipimo cha kale cha ratili 112, ya pili ni robo ya kipimo hicho, yaani ratili 28, na ya tatu ni ratili zilizobaki. Ukizidisha na kujumlisha unapata ratili 2,082, ambazo ni karibu kilo 944. Canter moja ilitutosha.

Lakini kabla ya kuuinua niliwazuia kwa saa nzima, na nusura tugombane. Mzinga wa zamani unaojazwa kwa mdomoni hauwezi kudhaniwa kuwa mtupu. Mwezi Januari 2013, mafundi waliokuwa wakisafisha mzinga wa karne ya 18 katika bustani ya Central Park, New York, waligundua kwamba ndani yake kulikuwa na tufe la chuma na baruti ya takriban gramu 800, na polisi wakaitwa kuiondoa. Mzinga huo ulikuwa umewekwa hadharani miaka mingi. Njia ya kujua ni nyepesi. Unaingiza ufito wa mti, kamwe usiwe wa chuma, hadi ufike mwisho wa tundu, unautia alama penye mdomo, kisha unautoa na kuulaza juu ya mzinga kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya ufito ikifika karibu na kitundu cha kuwashia, ndani hamna kitu isipokuwa uchafu. Ikiishia mbali nacho, shibiri moja au mbili kabla, basi uache mzinga ulipo, ondoa watu, wala usichokonoe, uite polisi au wataalamu wa jeshi. Wetu ulikuwa na mchanga na kiota cha mjusi.

Kuuinua kwenyewe kuna adabu yake. Pembeni mwa mzinga hutokeza mikono miwili mifupi, minene, ambayo zamani ililalia kwenye gari lake la mbao, na karibu na hapo ndipo uzito unapokaribia kulingana, ingawa upande wa nyuma huwa mzito kidogo kuliko wa mbele. Wengi hufunga mnyororo kwenye kile kifundo cha nyuma kwa sababu kinaonekana kama kimetengenezwa kwa kazi hiyo, kifundo kikakatika au mnyororo ukachuna maandishi. Sisi tulitumia mikanda miwili mipana, mmoja mbele ya mikono ile na mwingine nyuma yake, tukauinua shibiri moja kutoka ardhini, tukautazama unavyoinamia, tukaushusha, tukaihamisha mikanda, tukauinua tena. Ndani ya lori tuliulaza juu ya magunia ya mchanga na kuupigia kabari za mbao kila upande, kwa kuwa kitu cha mviringo chenye karibu tani moja kikianza kubiringika ndani ya gari hakisikii breki wala dua ya utingo.

Hapo ndipo nilipodhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Ofisi moja ya umma ilitutaka tulete barua ya mmiliki wa awali, ambaye sisi hatumjui na pengine alikufa zaidi ya karne moja iliyopita. Nyingine ilituuliza kama tuna kibali cha kumiliki silaha. Swali hilo si la kijinga, maana tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na kila askari ana wajibu wa kuisimamia, lakini hapakuwa na mtu wa kutuambia kama bomba la chuma lisilo na gari lake, lililozibwa na kutu na kiota cha mjusi, linahesabiwa pamoja na bunduki. Tulipoomba litazamwe tu na kupigwa picha, tuliambiwa turudi. Tumerudi mara nne. Mzinga ule mpaka leo uko chini ya mkungu, nyuma ya nyumba ya mmoja wa vijana wale, umefunikwa turubai.

Upande wa sheria nao una pengo, nami nalitaja kwa heshima. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wake wa umri, na vitu vya baadaye kwa kawaida huhitaji kutangazwa na Waziri ndipo vilindwe. Kwa mpaka huo, silaha zote za Vita Kuu ya Kwanza, ambayo ndiyo iliyolitia jina la Tanga katika vitabu vya dunia, zinabaki nje ya uzio. Mtu akiokota kesho gurudumu la mzinga wa Kijerumani wa mtindo wa mwaka 1873, ule uliotumia baruti nyeusi na kufuka moshi uliowaonyesha adui mahali ulipo, mnunuzi wa chakavu atakuwa na uhuru zaidi juu yake kuliko mwalimu wa historia.

Wenzetu wa Mombasa wanatupita kwa hili. Manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo mwezi Septemba 1914 iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, ilikwama katika delta ya Rufiji na kuzamishwa na mabaharia wake mwenyewe mwezi Julai 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magari ya magurudumu, na ikapigana nchi kavu ikivutwa na wapagazi kwa mamia, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mmoja wa mizinga hiyo uko leo Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus, maadui wawili katika uwanja mmoja. Mwingine uko Pretoria, mbele ya jengo la Serikali. Ukitaka kuona kilichopita katika mikono ya wapagazi wa Rufiji, ukate tiketi ya kwenda nje ya nchi.

Wala isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya serikali peke yake. Nchini Marekani, chama cha watu wa kujitolea wa Fort Miles, katika jimbo la Delaware, kilisikia kwamba mtutu wa inchi 16 uliokuwa katika manowari Missouri, ile ambayo Wajapani walisalimu amri juu yake mwaka 1945, unangoja kukatwa chakavu. Walichangisha fedha, na mwaka 2012 wakausafirisha kwa reli na tishari hadi kwao, chuma chenye urefu wa futi 66 na uzito wa takriban tani 120. Sisi tumeshindwa kupata pa kuweka tani moja. Na reli tunayo.

Siwatetei wakusanyaji wote. Wapo wanaotafuta mizinga ili waisimamishe getini mwa hoteli, wakaipaka rangi ya fedha juu ya kutu, na wapo wanaong'oa kitu bila kuandika kilikuwa wapi, kimeelekea upande gani na kilizungukwa na nini, kisha wakajisifu kuwa wamekiokoa. Vibaya zaidi ni wanaoutoa mzinga baharini na kuuanika juani. Chuma kilichokaa katika maji ya chumvi hunywa chumvi hiyo, na kikikauka hubanduka matabaka na kupasuka. Pengine ganda lake la nje limekwisha kugeuka kitu laini kinachokatika kwa kisu. Chuma cha namna hiyo kinatakiwa kibaki majini, katika tangi la maji yenye soda kaustiki kidogo, yakibadilishwa mara kwa mara kwa miezi au hata miaka chini ya uangalizi wa mtaalamu. Asiye na tangi aache mzinga baharini, ambako umekwisha kuzoea.

Ombi langu kwa wahusika wa mambo ya kale na kwa uongozi wa mkoa ni dogo. Itengwe sehemu moja hapa mjini, yenye kivuli na sakafu ya zege, pengine katika eneo la Boma la zamani ambako wenzetu wa makumbusho ya Urithi Tanga wameonyesha kwa miaka kadhaa kwamba watu wa hapa wanaweza kutunza mambo yao, na atajwe ofisa mmoja mwenye daftari, ambaye mwananchi akimletea habari ya chuma cha namna hii atakuja kukitazama ndani ya wiki moja na kumpa hati ya kupokelewa. Ikiwezekana alipwe angalau ile bei ya kilo ambayo mnunuzi wa chakavu angempa. Kazi ya kubeba tutaifanya wenyewe. Mikanda ninayo, na vijana wale wanne bado wako tayari.

Mzinga wetu una urefu wa takriban futi saba, una taji na herufi GR, alama ya Mfalme George wa Uingereza, mgongoni, na kifundo chake cha nyuma kimekatika zamani. Kama yupo msomaji wa Tanga, Pangani au Mkinga ambaye familia yake ina picha ya zamani yenye mzinga wa namna hiyo nyuma ya watu, namwomba amwandikie Mhariri, nami nitaifuata picha popote ilipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpakiaji mizigo mstaafu,
Chumbageni, Tanga